Mwezi Saba kwa Simu ya Mwatima

Mwisho wa mwezi, Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani, Tanga, huwa haipitiki. Huyu kamwaga mitumba chini, yule kashika kipaza sauti anatangaza dawa ya kunguni, bajaji zimebanana na kila dereva anajiona ana haki kuliko mwenzake. Katikati ya zogo hilo kuna meza moja ya kioo yenye kibao kilichoandikwa kwa mkono: SIMU YAKO INAKUCHOSHA? NJOO TUONGEE.

Mwenye meza ni Mwatima binti Sadalla, wa Nguvumali. Kioo cha simu kikikupasukia usimpelekee yeye, atakuelekeza kwa jirani. Kazi yake ni ya ndani: kukuchagulia programu za kukuendeshea kazi na nyumba, na kuyatupa yale matakataka uliyojipakulia bure. Walimu, mama lishe, wapiga picha za harusi, wote wamepita pale, na sifa waliyompa ilikuwa moja: kitu alichokiweka Mwatima hakikosei. Naye alikuwa anaipenda sifa hiyo, tusifichane.

Siku hiyo alivaa baibui lililomkaa sawasawa na mtandio wa rangi ya ukwaju, yuko zake anamung'unya ubuyu. Mbele yake akasimama kijana mrefu, kofia ya kiua kichwani, suruali imeganda chumvi chini, anasubiri chaja kwa jirani. Simu ya yule kijana ikaanza kulia. Kabla hajaizima ikalia kengele ya pili juu ya ya kwanza, halafu ya tatu.

"Kaka," Mwatima akasema, "hiyo simu inakuita wewe au inaita zimamoto?"

"Samahani, dada. Ya kwanza ni ya kikao. Ya pili ni ya dawa ya macho. Ya tatu..." Akaikodolea macho. "Ya tatu siijui."

"Huijui kengele uliyoiweka mwenyewe?"

"Niliiweka nisisahau kitu. Sasa kitu chenyewe nimekisahau."

Mwatima alicheka mpaka ubuyu ukampalia. "Lete hapa hiyo simu, yakhe, usije ukaipasua. Nani jina lako?"

"Hafidh. Na umejuaje mimi Mpemba?"

"Kwa hiyo 'dada' yako ulivyoivuta. Haya, nijibu matatu. Unafanya kazi gani, siku yako inaanza na nini, na ni kitu gani unachosahau sana?"

Hafidh akajibu kwa adabu zote. Alikuwa ananunua mwani kwa kina mama wa pwani, Kigombe huku, na huko juu mpaka vijiji vya kuelekea Horohoro. Siku yake inaanza na maji, si jua: wakati wa bamvu, bahari ikitoka mbali, ndipo mwani unavunwa, na asipokuwepo mzigo unamwozea mtu. Na alichokuwa anasahau sana ni kula.

Mwatima akaipekua simu. Kalenda nne. Madaftari ya kuandikia matano. Programu tatu za kuhesabu hatua.

"Hatua za nini, baba wee, na wewe kutwa unatembea?"

"Nilizipakua mwaka mpya."

"Zinaondoka. Sikiliza: kalenda moja, orodha moja. Ukiwa na mbili utaandika kwenye hii na kusoma kwenye ile, halafu useme simu mbovu. Daftari nakuwekea hili, linafanya kazi hata bila mtandao, maana ukifika Horohoro najua simu inarukia Kenya na bando linazimika. Hii hapa ya maji na mwezi, itakwambia bamvu lini. Na hapa saa saba mchana nimekuandikia KULA."

Akamfungulia na kalenda ya pamoja, ili kwa wiki moja aweze kumwangalizia kutoka pale mezani kama mambo yanakwenda. Hivyo ndivyo alivyosema. Wateja wengine hakuwa akiwafungulia, na jirani yake wa chaja aliliona hilo akanyamaza.

Kesho yake, chini ya neno KULA, palikuwa na maandishi mapya: *Nimekula. Pweza na muhogo. Ahsante, daktari.*

Wiki ikaisha, kalenda haikufungwa. Ikawa mwezi, ikawa mitano. Asubuhi Mwatima akifungua anakuta "Kigombe, bamvu, kina mama kumi na wawili", na pembeni kidogo, "mtandio wa jana ulinikosesha usingizi". Anamjibu, "Fanya kazi, usinichafulie kalenda." Jioni wanapigiana.

"Daktari wangu, umeshindaje?"

"Nimeshinda na simu za watu. Wewe?"

"Nimeshinda nanuka mwani. Ungekuwa hapa ungenikimbia."

"Ningekukimbilia," Mwatima alimwambia siku moja, akaona haya na kukata simu papo hapo.

Hafidh hakulelewa na baba, alilelewa na ami yake, Mzee Yakoub, mwenye mashamba ya mikarafuu huko Wete. Basi jioni moja akapiga. "Mwatima, nimemwambia ami. Kakubali. Anakuja mwenyewe na wazee wawili kuleta posa. Kasema mwezi saba, yaani siku ya saba ya Mfunguo Pili."

Mwatima alikaa chini palepale jikoni. "Mwezi saba," akasema. "Naweka sasa hivi."

Akafungua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ile anayowawekea wateja wake wote, na mwezi saba ulikuwa Jumamosi. Akaona haya kuiandika kwenye kalenda ya pamoja. Binti hajiandikii posa yake mbele ya mwanamume. Akaiandika kwenye yake na kwenye ya mama. Baba yake, Mzee Sadalla, zamani angetoka kwenda kuuliza msikitini, lakini siku hizi alikuwa anamuuliza bintiye. "Mwezi saba ni lini?" "Jumamosi, baba." Kwisha. Wajomba wakaitwa kutoka Muheza, majirani wakaalikwa, mbuzi akanunuliwa.

Hafidh akavuka kwenda Pemba kuwachukua wazee. Kule shambani kwa ami yake mtandao ni wa kutafuta kwa kupanda mti, na mpenzi wetu hakuwa na muda wa kupanda mti.

Jumamosi ilipofika nyumba ya Nguvumali ilinukia biriani na udi. Mwatima alivalia gauni la hariri ya kijani, hina mpaka vifundoni, amekaa chumbani na shangazi zake wanamtania. Saa nne ikapita. Saa sita. Adhuhuri watu wakaenda kusali, wakarudi. Saa tisa mjomba mmoja akauliza, "Hivi hawa watu wanatoka Pemba au Oman?" Wachache wakacheka. Mwatima alipiga simu mara ishirini na tatu, na kila mara yule mwanamke wa mtandao akamwambia namba haipatikani. Alasiri Mzee Sadalla akawaambia watu waanze kula. Wakala, wakaosha mikono, wakaaga kwa sauti za chini, na hakuna aliyemtazama mzee usoni.

Magharibi Hafidh alishuka bandarini Tanga na wazee wake, mtandao ukarudi, akapiga. Mwatima alikuwa ameshaifungia namba yake.

Jumapili, saa nne asubuhi, hodi ikapigwa mlangoni.

Mzee Sadalla alikuwa ukumbini. Mwatima chumbani, gauni limetupwa kitandani, macho yamevimba. Wote wawili wakasikia sauti ya mtu mzima wa Kipemba: "Hodi wenyewe!" Mzee Sadalla akakohoa, hakujibu. Jana alikaa kama mjinga mbele ya mtaa mzima. Leo ndiyo wanakuja, kwa wakati wao, kama wanakuja kununua mkaa. "Hodi!" Mwatima akasimama. Akaushika mlango wa chumba. Angetoka, angepita mbele ya baba, angefungua. Hakutoka. "Hodi!" ya tatu ikaja, taratibu zaidi. Na hodi tatu zisipoitikiwa mgeni anaondoka, sote tumefunzwa hivyo. Nyayo zikaondoka barazani. Za mtu mmoja zilibaki kidogo, kisha nazo zikaondoka.

Baadaye Hafidh alimpigia kwa namba ya mtu mwingine. "Mwatima, kwa nini?"

"Unaniuliza mimi?" akamjibu, na kukata.

Basi wewe dhani mtu akikasirika ndiyo kasahau. Mwatima alirudi mezani kwake Ngamiani, akachagulia watu programu, akatania, akacheka. Lakini namba alikuwa ameifungia, kalenda ya pamoja hakuifuta. Kidole kimoja tu kingetosha. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alikuwa anaifungua. *Kigombe. Bamvu.* Siku nyingine: *Horohoro. Maji mafu, hakuna kuvuna, kukagua kamba za mwani.* Hakuna neno la pembeni, hakuna mtandio, hakuna daktari. Na kila siku, saa saba mchana, lile neno lake mwenyewe, KULA, alilokuwa hajalifuta yule bwana. Mwatima alikuwa akiliona anaacha alichoshika. Alimtamani mpaka akawa anajichukia. Alitamani sauti yake, alitamani ule unyevu wa chumvi kwenye mikono ya shati lake, alitamani hata kugombana naye. Usiseme kwa nini hakumfungulia namba. Kila akitaka kuifungua, aliwaona wajomba zake wakiosha mikono.

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Halafu asubuhi moja akaja Bi Tausi, mama wa makamo anayefunga masiku meupe, zile siku tatu za mwezi kumi na tatu mpaka kumi na tano. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mwanangu, simu yako inaniamsha kula daku kabla ya siku. Leo imeniambia mwezi kumi na tatu. Wapi! Leo kumi na mbili. Mwezi nimeuona kwa macho yangu haya ulipoandama."

"Haiwezi kuwa, Bi Tausi. Hiyo haikosei."

"Basi wenye macho tumekosea mtaa mzima."

Mwatima akaichukua ile simu kwa kiburi kidogo, akaingia kwenye mipangilio. Chini kabisa, mahali alipowahi kupaona mara mia, palikuwa na maneno: *Ongeza au punguza siku, kufuatana na mwandamo wa mahali ulipo.* Na mbele yake sifuri. Sifuri kwa Bi Tausi, sifuri kwa mama yake, sifuri kwake. Hakuwahi kuigusa kwa mtu yeyote.

"Bi Tausi," akasema, na sauti ilikuwa imeshabadilika, "Mfunguo Pili uliandama lini?"

"Jumapili magharibi. Mjukuu wangu kazaliwa Jumatatu yake, mwezi mosi, siwezi kusahau."

Jumatatu mosi. Mwatima akahesabu, akarudia. Mwezi saba ulikuwa Jumapili. Wazee walikuja siku yao, saa yao, wakapiga hodi tatu, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Ee Mola wangu," akasema, "mimi nimefanya nini?"

Akamrekebishia Bi Tausi simu, akamwomba radhi, akafunga meza. Kalenda ilikuwa inasema Kigombe, bamvu. Akapanda bodaboda.

Alimkuta chini ya kibanda cha makuti anapima viroba vya mwani, suruali imekunjwa, amekonda. Kina mama wakamwona Mwatima kwanza, wakaacha kufunga viroba mmoja mmoja. Hafidh akageuka. Mizani ikamponyoka.

"Hafidh."

"Umekuja kufuta kalenda?"

"Nimekuja kukwambia mlikuja siku yenu. Sisi ndio tuliongoja siku isiyo yenu. Simu yangu ilikuwa mbele siku moja, na sikuirekebisha. Hodi nilizisikia. Zote tatu. Nilikuwa nimeushika mlango wa chumba, Hafidh, sikutoka."

Hafidh alikaa juu ya kiroba. Akajipangusa uso kwa mkono wenye chumvi, akajiumiza macho.

"Miezi mitatu," akasema, "nimekuwa nikijiuliza nimewakosea nini. Nikajiambia labda wamesikia neno. Labda Mpemba mnunua mwani hawakumtaka. Ningejua ni siku moja tu, ningelala mlangoni kwenu."

"Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe kabla sijajua la kusamehe. Niliendelea kuandika mle, sikujua kama unasoma. Nilitumaini tu."

"Kila alfajiri nilisoma."

Wakatazamana. Hakuna aliyemgusa mwenzake, kina mama wapo. Lakini kama si haya Mwatima angemshika uso palepale.

"Tatizo si mimi," Hafidh akasema. "Ami ameapa. Kaapa kwa jina la Mungu mlango ule hataugonga tena, na bila yeye mimi sina wa kunipeleka. Sitakuoa kwa kutoroka, Mwatima. Wala wewe hutaki."

"Nipe namba yake."

"Wewe? Tangu lini mposwa akampigia mposaji?"

"Tangu mposwa alipoharibu. Nipe."

Nyumbani alimweleza baba yake yote, akiwa amepiga magoti. Mzee Sadalla alisikiliza, tasbihi imesimama mkononi. Alikuwa na haki ya kufoka. Hakufoka, maana kila alipotaka kuanza, alikuwa anasikia kile kikohozi chake mwenyewe cha Jumapili. "Piga," akasema mwishowe. "Weka sauti nisikie na mimi."

Simu ikaita muda mrefu; bahati siku hiyo mzee alikuwa Wete mjini, kwenye mtandao.

"Hallo?"

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwatima. Binti Sadalla, wa Tanga."

"Kumbe ile nyumba ina watu," Mzee Yakoub akasema. "Mimi nilipita pale, nikaona haina hata mdomo."

"Ami, nimepiga kuomba radhi. Mlikuja siku yenu. Sisi tuliwangoja siku moja kabla. Mwezi niliuchukua kwenye simu, na simu inafuata mwandamo wa nchi nyingine. Kuna mahali pa kuisahihisha, nilipaona, sikupagusa. Nilijiona najua. Kosa ni langu, si la baba, wala si la Hafidh."

"Mwezi umeutafuta kwenye simu. Na juu je, hukutazama?"

"Sikutazama, ami."

"Hukutazama! Huko Tanga mbingu mmeziezeka mabati?"

Siku nyingine Mwatima angecheka. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Hapana, ami."

"Na hodi? Hodi mlizisikia, au nazo simu ilizikosesha?"

Mwatima akafungua mdomo. Baba yake akaivuta simu kwake.

"Tulizisikia, Mzee Yakoub. Mimi Sadalla nilizisikia, nikakohoa, nikakunyamazia. Hilo si la mtoto. Hilo langu."

Kutoka upande wa pili wa simu wakasikia karafuu zikigeuzwa kwenye jamvi, na mtu akiambiwa aache kwanza.

"Nimeapa, Sadalla," Mzee Yakoub akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mlango wako sitaugonga."

"Hutaugonga. Utanikuta barazani. Nitatandika jamvi tangu alfajiri, mlango uwe wazi, nikae hapo mpaka mje."

"Hmm." Kisha, "Hmm," tena. "Wewe mwana upo?"

"Nipo, ami."

"Mwezi saba, mwezi ujao. Lakini niambie, kwa mwezi gani? Wa simu?"

"Mtakaouona nyinyi, ami," Mwatima akasema. "Mkishauona huko Pemba, na sisi tumeuona."

Mzee Yakoub akapumua. "Basi mfungulie mtoto wangu hiyo namba. Anazurura nyumbani kwangu kila akija, mpaka ananitia kichefuchefu."

Kesho yake, mezani Ngamiani, Mwatima alianza kuwaita wateja wake mmoja mmoja, akiwaeleza kwa mdomo wake kwamba kalenda aliyowawekea ilikuwa na kosa na kosa ni lake. Wengine walimcheka. Wengine walikuwa hawajui hata kama wanayo.

Mwezi ishirini na tisa, magharibi, alitoka uani kwao Nguvumali kwa kanga mbili, akatazama juu. Mawingu matupu. Huku hakuna kitakachoonekana. Lililobaki ni Pemba. Alikuwa ameshika simu, anaomba isilie na anaomba ilie. Mwezi ukionekana leo, posa ni siku ya saba kuanzia kesho; usipoonekana, ni siku ya nane. Ilipolia hakuingoja iite mara ya pili.

"Daktari," Hafidh akasema kutoka Pemba, kwenye kilima chenye mtandao.

"Sema upesi."

"Ami kapanda kilimani na wazee watatu. Wamekaa mpaka sasa hivi ndiyo wanashuka." Akasita. "Hawajauona, mpenzi. Mawingu."

Mwatima alifumba macho. Siku moja zaidi. Baada ya miezi mitatu, siku moja ilikuwa imemjaa kifuani kuliko yote iliyopita. Akakitazama kioo cha simu, kinamulika mkononi.

"Yangu hapa, na kuirekebisha nimeirekebisha, inasema kesho ni mosi," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

Alisikia pumzi yake, ng'ambo ya maji yote yale, akingoja.

"Mimi nasema kesho ni thelathini," Mwatima akasema. "Nitakungoja."